Wamejuaje? Uhalifu wa msimu wa sikukuu na jinsi unavyofanya kazi

Kila ifikapo wiki ya pili ya Desemba, makundi ya WhatsApp ya familia na ya mtaa huanza kujaa tahadhari. Moja inasema wezi wana dawa wanayoipuliza dirishani na nyumba nzima ikalala fofofo hadi asubuhi. Nyingine inasema ukipokea simu ya namba fulani, salio lako lote linahama. Ya tatu inaapa kwamba matapeli wanajua una kiasi gani kwenye simu na lini umekipokea. Zote humalizika kwa maneno yaleyale, "sambaza kwa uwapendao", na zote hutufanya tuogope bila kutueleza tuogope nini hasa. Humo ndani upo ukweli, upo uongo, na mara nyingi vimechanganywa kiasi kwamba hata anayesambaza hawezi kuvitenganisha.

Nimewasikiliza watu wengi walioibiwa au kutapeliwa nyakati za sikukuu, na karibu wote huuliza swali moja: wamejuaje? Wamejuaje kwamba nilikuwa nasubiri kutuma pesa, kwamba tumesafiri, kwamba siku ile nilikuwa na mauzo dukani? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo, kwa kuitazama zaidi Dar es Salaam na safari zinazoanzia hapo kwenda mikoani, kwa sababu ndiko ninakoishi na ndiko ninakokujua.

Tuanze na maneno, maana katika mazungumzo ya kawaida kila anayekosa mali yake husema "nimeibiwa", ilhali makosa yenyewe yanatofautiana. Wizi ni kuchukuliwa mali yako bila ridhaa yako, kama mfukoni kwenye msongamano. Unyang'anyi ni wizi unaoambatana na nguvu au vitisho, na ukifanywa kwa kutumia silaha, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inaweka kifungo kisichopungua miaka 30. Uvunjaji ni kuvunja na kuingia ndani ya jengo kwa nia ya kutenda kosa humo. Utapeli, ambao kwa lugha ya mahakama ni kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, una sura ya pekee: mali unaitoa wewe, kwa mkono wako, ukiamini unafanya jambo sahihi. Ukipitia kwenye simu au kompyuta, unaweza pia kuangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Tofauti hiyo ina maana kubwa nyumbani kuliko mahakamani. Kufuli humzuia mvunjaji, lakini mtu mwenye geti la chuma, nyaya za umeme juu ya ukuta na mbwa wawili anaweza kumtumia tapeli shilingi laki tatu akiwa amejilaza kitandani. Vivyo hivyo, mtu anayejua hila zote za simu anaweza kurudi safari akakuta mlango wa nyuma umeng'olewa. Kila kosa lina tundu lake la kupitia, na tahadhari zinazosambazwa hukosea kwa sababu huyachanganya matundu yote kuwa moja.

Kwa nini basi Desemba? Watu husema wezi huongezeka. Mimi naona mfano wa wachokoa pweza unaeleza vizuri zaidi. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali sana, wachokoaji hurudi na pweza wengi kuliko kawaida, na si kwamba pweza wamezaliana usiku mmoja. Mashimo yaliyokuwa chini ya maji ndiyo yamebaki wazi. Desemba ndiyo kupwa kwetu. Michango ya ukoo inatumwa, ada za Januari zinawekwa akiba, vikundi vya kuweka na kukopa vinagawana, Wachaga na majirani zao wanapanda kwenda Kilimanjaro, maduka ya Kariakoo hayapitiki, na mtu aliyezoea kukagua kila jambo mara mbili anafanya mambo sita kwa wakati mmoja. Wakati wa Idi hali huwa hiyohiyo, tofauti ni kwamba kalenda yake huandama mwezi. Mhalifu hahitaji kutujua mmoja mmoja, kwa kuwa anaijua kalenda yetu.

Hapo ndipo lilipo jibu la kwanza la "wamejuaje", na nitalieleza kwa tukio lililonipata. Desemba ya mwaka juzi nilikuwa kwenye duka la viatu Mtaa wa Kongo, mkono mmoja nimeshika viatu vya mtoto na mwingine simu, huku watu wakinisukuma mgongoni. Ukaingia ujumbe: "Hiyo hela itume kwenye namba hii, ile nyingine ina shida. Jina litakuja la mke wangu." Sasa, mimi kweli nilikuwa nimemwahidi kaka yangu aliyeko Morogoro shilingi 180,000, fungu langu la mbuzi na mchele. Nikafungua menyu, nikaandika namba, nikaandika kiasi, jina la mwanamke likatokea kama lilivyotabiriwa. Sikuwa na shaka hata chembe. Kilichonikomboa ni muuzaji, aliyenigusa bega akauliza kama nachukua jozi moja au mbili. Katika kumjibu nikapoteza mtiririko, menyu ikajifunga, na nilipoanza upya nikaona heri nimpigie kaka kwanza. Akanijibu, "Namba ipi tena hiyo, mdogo wangu? Mimi sijakuandikia kitu."

Jioni nzima nilijiuliza nani amevujisha mazungumzo yetu. Hakuna aliyevujisha. Ukiusoma tena ujumbe ule utaona haukutaja jina langu, jina la kaka, kiasi, wala sababu ya pesa. Uliandikwa kwa makusudi ukiwa na pengo, na pengo hilo nililijaza mimi. Tapeli huyu hafanyi kazi kama mwindaji anayemfuatilia swala mmoja; anafanya kazi kama mvuvi wa jarife anayelitega na kwenda kulala. Tuseme ameutuma ujumbe kwa watu elfu moja. Wengi wataufuta, baadhi watacheka, lakini wiki ya Krismasi ni wangapi kati ya hao wana mtu wanayetaka kumtumia pesa siku hiyohiyo? Hata wakiwa mia moja tu, na kati yao wakanaswa watano wenye haraka kama niliyokuwa nayo mimi, kazi yake ya siku imelipa. Wale watano watamwona mchawi. Wale mia tisa na tisini na tano hawana cha kusimulia, kwa hiyo hatuwasikii, na ndiyo maana hadithi zinazotufikia ni za matapeli wanaojua kila kitu.

Dawa yake ni rahisi na inachosha: maelekezo ya pesa yakibadilika, piga ile namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usikie sauti. Usipige namba iliyoleta ujumbe. Na jina linalotokea kwenye menyu lisikutulize kupita kiasi, kwa sababu linaonyesha nani aliyesajiliwa kwenye laini hiyo, halionyeshi nani ameishika simu.

Hili la usajili linahitaji maelezo, kwa kuwa lina uzushi wake. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Tanzania tarehe 1 Mei 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Wengi wakaamini kwamba utapeli umekwisha, kwani kila laini ina mwenyewe. Mwenyewe yupo kweli, ila huenda hajui. Mtu anakwenda kwa msajili wa barabarani, chini ya mwavuli, anaweka kidole, anaambiwa "haijasoma, weka tena", anaweka tena, na akiondoka amesajiliwa laini mbili badala ya moja. Ile ya pili inauzwa. Kwa hiyo kabla hujajiuliza nani anatumia laini za wizi, piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni husika ukaikane.

Mtego wa pili wa simu ni wa pesa "iliyoingia kimakosa". Unapokea ujumbe unaofanana kabisa na ule wa muamala, ukisema umepokea shilingi 95,000, na kabla hujamaliza kuusoma anapiga mtu mwenye sauti ya kulia: ni pesa ya mgonjwa, tafadhali nirudishie. Ujumbe wa kweli wa kampuni huja kwa jina la huduma, wakati wa tapeli mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida, lakini usitegemee macho tu, hasa kama ni usiku na miwani iko mbali. Angalia salio kwa kupitia menyu. Pesa ipo kwenye salio au haipo, na maandishi ya ujumbe hayawezi kuiumba. Ikiwa imeingia kweli, mwambie aliyekosea aombe kurudishiwa kupitia kampuni yake. Utaratibu huo upo, naye akikataa kuutumia utakuwa umejifunza jambo kumhusu.

Wa tatu ni wa namba za siri, na hapa nataka kukanusha uvumi kwamba kupokea simu pekee kunaweza kuhamisha salio lako. Huduma ya pesa kwa simu, tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, imejengwa juu ya namba ya siri, kama sanduku lenye kufuli. Kuzungumza na mtu nje ya nyumba hakufungui sanduku lililo ndani. Kinachotokea ni kwamba mazungumzo yale humfanya mwenye sanduku atoe ufunguo. Anayepiga hujitambulisha kama huduma kwa wateja, anasema laini yako itafungwa leo saa kumi, au umeshinda zawadi ya sikukuu, kisha anakuongoza ubonyeze hiki na hiki, na katikati ya kubonyeza umeweka namba ya siri kuidhinisha muamala. Namna nyingine ni ile ya tarakimu sita: mtu unayemfahamu anakuandikia kwamba kuna namba imetumwa kwako kimakosa, umtumie. Zile tarakimu ndizo ufunguo wa akaunti yako ya WhatsApp. Ukizitoa, baada ya dakika chache ni wewe unayewaomba shangazi zako mkopo wa dharura, na wao watatuma, kwa sababu picha ni yako. Kuweka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye programu hiyo huchukua muda usiozidi wa kuchemsha chai.

Tuhamie safarini. Tangu Februari 2021 mabasi mengi ya mikoani huondokea kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, badala ya Ubungo, na wimbi la Desemba limehamia huko pamoja na vishoka wake. Kishoka ni mtu anayejifanya wakala wa basi bila kuwa wakala. Atakuambia ofisini nafasi zimeisha, naye anayo moja ya mwisho, lipa hapa hapa kwenye simu. Uhaba wenyewe ni wa kweli, na ndio unaompa nguvu. Uongo mzuri hupachikwa juu ya ukweli, kama kiraka cha rangi ileile. Nunua dirishani au kwenye mfumo wa tiketi mtandao, hakikisha tiketi ina jina lako, namba ya basi na nauli uliyolipa, na kama siku zako zinaruhusu ondoka mapema kabla ya tarehe 20. Abiria wa kaskazini wana pia treni ya abiria iliyorejeshwa hadi Moshi mwaka 2019, ingawa nayo hujaa. Kuhusu soda na biskuti za jirani wa kiti, tahadhari ile ni ya kweli: wapo waliowekewa dawa wakaamka hawana mzigo. Kukataa kwa adabu, ukisema umefunga au tumbo halikai sawa, hakuna ubaya wowote.

Na nyumba uliyoiacha nyuma? Hapa jibu la "wamejuaje" hubadilika: mara nyingi tumewaambia. Tumeweka picha ya familia nzima ndani ya basi, "Moshi tunakuja", saa kumi na mbili asubuhi, na kati ya wanaozitazama hali zetu (status) za WhatsApp yumo fundi aliyepaka rangi mwezi uliopita na kijana wa bodaboda aliyetuletea mtungi wa gesi. Sisemi kwamba hao ni wezi. Nasema hatujui wao nao wamemsimulia nani. Nje, nyumba yenyewe husema: taa ya kibarazani inayowaka mchana kutwa, majani ya mwembe yasiyofagiliwa siku nne, kamba isiyo na nguo. Watu wengi huacha taa ikiwaka wakidhani inaonyesha kwamba wapo, lakini taa isiyozimwa asubuhi hutangaza safari. Anayehitajika ni jirani, mtu wa kufagia kidogo, kuwasha jioni na kuzima alfajiri, na mjumbe wa mtaa wenu ajue kwamba hampo. Ufunguo usikae chini ya chungu cha maua. Chungu hicho kila mtu anakijua.

Sasa ile dawa inayopulizwa dirishani. Nimeshawahi kukaa kwenye matanga na mzee wa heshima akaieleza kwa kina, nami sikumbishia, kwa kuwa palikuwa si mahali pake. Lakini tufikiri kidogo. Chumba cha upasuaji huwa na daktari wa usingizi anayekaa na mgonjwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, akipima pumzi na mapigo, kwa sababu kiwango kikipungua mgonjwa anaamka na kikizidi anakufa. Oktoba 2002, jijini Moscow, vikosi vya Urusi viliingiza gesi ya kulaza watu ndani ya ukumbi wa maonyesho uliokuwa umetekwa. Serikali nzima, yenye wataalamu wake, ilifanya hivyo, na mateka zaidi ya 120 walikufa, wengi wao kwa gesi ile. Je, kijana mwenye chupa na mrija, gizani, dirisha likiwa na nyavu na upepo ukivuma, atawalaza watu saba wa umri tofauti na wote waamke salama asubuhi? Mwizi anayeingia saa tisa usiku baada ya sherehe hahitaji dawa yoyote. Wenyeji wamepika tangu alfajiri, baadhi wamekunywa, feni inanguruma, wageni wamelala sebuleni kiasi kwamba mlio wa hatua hauwashtui, na mlango wa jikoni haukukumbukwa na mtu, kila mmoja akidhani mwenzake amefunga. Ubaya wa imani ya dawa ni kwamba huondoa macho kwenye komeo lililovunjika na huzima swali la nani aliyejua tunakoweka televisheni mpya.

Dukani imani ya namna hiyo inaitwa chuma ulete. Droo ikipungua jioni, inasemekana kuna noti ya kichawi iliyoingia ikazivuta nyingine. Nimesimama nyuma ya kaunta ya dada yangu siku ya mkesha wa Krismasi, nikauona uchawi wenyewe kwa karibu. Mteja alinunua soda ya shilingi 700 kwa noti ya 10,000. Dada akahesabu chenji. Mteja akasema, "Ngoja, ninayo ndogo," akatoa elfu moja, akaomba ile elfu kumi, kisha akauliza bei ya mafuta, akabadili mawazo, akatoa noti mbili za elfu tano akiomba apewe elfu kumi nzima, yote hayo huku watu wanne nyuma yake wakipiga kelele. Alipoondoka, dada alikuwa amemrudishia noti yake pamoja na sehemu ya chenji. Kanuni aliyoiweka tangu siku ile ni kwamba muamala mmoja ufungwe kabla mwingine haujaanza, na noti ya mteja ilale juu ya kaunta, nje ya droo, hadi chenji ikubaliwe. Noti za bandia pia hupenda msongamano: noti halisi ya 10,000, yenye picha ya tembo, ukiiinua kwenye mwanga utaona sura ya Mwalimu Nyerere ndani ya karatasi, na ukiipapasa utahisi maandishi yaliyoinuka kidogo. Bandia huwa laini kama karatasi ya daftari.

Unyang'anyi wa mitaani nauandikia machache, kwa kuwa kinga yake ni fupi: tembea na wenzako, simu isikae sikioni kando ya barabara yenye pikipiki, na ukitishwa kwa panga, toa. Hofu nayo ina madhara yake. Mwanzoni mwa Januari 2015, uvumi kwamba kundi la Panya Road linavamia mtaa kwa mtaa ulifanya maeneo mengi ya Dar es Salaam yafunge maduka na watu wakimbie ovyo. Vijana wenye mapanga walikuwepo kweli, lakini hawangeweza kuwa kila mahali usiku mmoja. Katika taharuki kama hiyo ndipo anayekimbia kujiokoa hugeuzwa mwizi, akapigwa na watu ambao kesho yake hawatakumbuka nani alianza.

Ikiwa limeshatokea, mpangilio wa hatua una maana. Pesa ikitoka kwa utapeli, wa kwanza kupigiwa ni kampuni ya simu, namba 100, kwa sababu inaweza kuizuia pesa ikiwa bado imo kwenye akaunti ya mpokeaji, na tapeli hukimbilia kwa wakala kuitoa ndani ya dakika chache. Kwenda polisi kwanza, foleni ikiwa ndefu, ni kumpa muda. Baada ya hapo tuma namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kisha nenda kituoni ukafungue jalada upewe namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako. Simu ikiibiwa, omba ya jirani ufunge laini kabla ya kufunga kifaa. Namba ya utambulisho wa kifaa, ile inayotokea ukibonyeza *#06#, iwe imeandikwa mahali nje ya simu yenyewe. Ukijeruhiwa, fomu ya PF3, ile ya kwenda nayo hospitali, inatoka polisi, na hali ikiwa mbaya piga 112.

Tatizo ni kwamba namba zote hizi huwa zimehifadhiwa ndani ya simu iliyoibiwa. Mama yangu, ambaye hajawahi kuiamini simu kikamilifu, ameziandika kwa kalamu ya wino kwenye kalenda ya ukutani, kati ya namba ya fundi bomba na ya katekista, na kila Januari huzinakili upya kwenye kalenda mpya kabla hajaitundika.